Hela ya afya ni ndogo, tuanze na ugonjwa gani? Maswali na majibu

Swali: Si bora bajeti ya wilaya igawanywe sawa kwa kila ugonjwa, yaishe?

Hapana, ukigawa hivyo ndo unaumiza watu. Chukua wilaya ya Morogoro Vijijini, Tanzania, mwaka 1996, malaria peke yake ilikuwa inabeba kama asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyokuwa inapotea pale wilayani, yaani miaka ambayo watu wangeishi kama wasingekufa mapema au kudhoofishwa na ugonjwa, ila kwenye bajeti imepewa asilimia 5. Kifua kikuu kilikuwa chini ya asilimia 4, kikapata 22! Si lazima kuna mtu kaiba, mara nyingi bajeti ya mwaka jana inanakiliwa tu inabadilishwa tarehe, na hela nyingine inakuja mfadhili keshaipangia kazi yake.

Swali: Walijuaje malaria inabeba kiasi hicho, na watu wengi wanafia nyumbani?

Hapo ndo kazi ilipokuwa. Mradi ulioitwa TEHIP, wa wizara ya afya ikishirikiana na Kanada, ulitumia takwimu za wahojaji waliopita nyumba kwa nyumba, Morogoro na Rufiji, wanakaa na wafiwa wanauliza taratibu homa ilianza lini, alikuwa anaharisha, alipata degedege? Maana degedege wengi hawakuihesabu kuwa malaria, mtoto alipelekwa kwa mganga wa kienyeji, kwa hiyo ukisoma rejista ya zahanati peke yake huyo mtoto humuoni kabisa.

Swali: Baada ya kujua wakafanyaje?

Hela ikasogezwa kwenye vyandarua vyenye dawa, na wahudumu wa zahanati wakafundishwa kumwangalia mtoto mgonjwa mzima mzima, homa, kuharisha, kifua, lishe, sio kumpa panadol na kumrudisha nyumbani. Nyongeza yenyewe kwenye bajeti ilikuwa kama senti 80 za dola kwa mtu mmoja kwa mwaka, na ndani ya miaka michache vifo vya watoto chini ya miaka 5 vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40 kwenye wilaya zote mbili.

Swali: Kwa hiyo ugonjwa unaoua wachache unyimwe hela?

Taratibu jamani! Surua inaua wachache kwa sababu watoto wanachanjwa, ukikata hela ya chanjo leo utaiona surua yenyewe msimu ujao. Ukiona asilimia ndogo uliza kwanza imekuwa ndogo kwa sababu gani. Kifua kikuu nacho kinaambukiza, mmoja akiacha dozi njiani anawapa wa nyumbani kwake, kwa hiyo mimi nisingekigusa kwa haraka hata kama ile 22 inakera.

Swali: Mimi mwananchi wa kawaida naingilia wapi?

Kamati ya zahanati, ina wajumbe wanaotoka kwenu hapo hapo. Muulize mjumbe wenu mwaka huu wamepanga kununua nini, halafu muulize rejista ya mwaka jana ilionyesha watu wanaumwa nini, na nani kafa nyumbani bila kuandikwa. Mkikuta havifanani, anzeni hapo.