Dume hakamuliwi, jamani

Juzi tena nimetumiwa picha kwenye grupu la WhatsApp la wafugaji, dume la Holstein kubwa kama nini, chini yake maandishi mekundu "MBEGU YA LITA 40 KWA SIKU, WAHI STOKI INAISHA". Watu wanashindana kuuliza bei. Hakuna hata mmoja aliyeuliza hizo lita 40 ni za nani, maana dume, nikumbushe tu, hana kiwele.

Nimeshachoka kujibu hili swali la lita za dume inbox kwa hiyo naliandika hapa, mtu akiniuliza tena namtupia link.

Mara nyingi ukimbana muuzaji vizuri utakuta hizo lita 40 ni za mama yake dume. Na siyo wastani wake, ni siku moja ile ya kilele, wiki chache baada ya kuzaa, anakamuliwa mara tatu kwa siku huko Wisconsin au wapi sijui, analishwa chakula kilichopimwa na kuchanganywa kwa mashine. Ndo hiyo inabebwa mpaka Arumeru kwa mtu mwenye robo eka, migomba, na majani ya barabarani. Halafu mtamba akizaa akatoa lita 9 lawama zote anabeba mhimilishaji, eti kamwekea mbegu feki.

Sasa namba halisi ya dume inasomwaje. Kwenye katalogi ya Marekani utakuta PTA ya maziwa (makadirio ya kile dume anachompa mtoto), tuseme +1,500. Kwanza hizo ni paundi, siyo lita wala kilo. Ni kama kilo 680. Pili ni kwa kipindi kizima cha siku 305. Gawanya: kilo 2.2 kwa siku. Lita mbili na kidogo basi! Na hizo lita mbili siyo kwamba binti atatoa lita mbili, ni kwamba mabinti wake kwa wastani wanatarajiwa kuzidi mabinti wa dume la sifuri, yaani lenye PTA ya sifuri, kwa kiasi hicho, kwenye mazingira ya kule. Ni TOFAUTI. Haikuahidi lita hata moja. Dume wa +1,500 binti yake akiwekwa kwenye banda lisilo na maji atatoa kinachostahili kutoka kwenye banda lisilo na maji.

Na kuna watu wanachanganya PTA na EBV, wengine kwa kutojua, wengine wanajua fika wanachofanya. EBV ni thamani nzima ya mnyama, PTA ni nusu, ile anayompa mtoto. Kanada wanaandika maziwa kwa EBV, tena kwa kilo, Marekani wanaandika PTA kwa paundi, kwa hiyo ukiweka katalogi mbili mezani ukalinganisha namba kwa namba unafanya kichekesho. Kuna taasisi pale Uppsala, Sweden, inaitwa Interbull, kazi yake ni hiyohiyo ya kubadilisha thamani za madume kutoka vipimo vya nchi moja kwenda vya nyingine, wana mahesabu mazito kweli. Wewe unataka kuifanya kwa macho.

Halafu hiyo sifuri yenyewe inahama. Marekani kila baada ya miaka mitano wanasogeza msingi wa kulinganishia, mara ya mwisho ilikuwa Aprili 2025, na siku hiyo madume yote ya Holstein yakashuka mamia ya paundi usiku mmoja. Dume ni lilelile. Ni kama mwanafunzi aliyekuwa wa kwanza, akahamishiwa darasa lenye vichwa, nafasi ikashuka na akili zake hazijapungua. Kwa hiyo mtu akikuonyesha katalogi ya 2019 yenye namba nono, jua hizo namba zimepimwa kwa ng'ombe wa zamani.

Sasa nije kwenye lile linaloniudhi kabisa, maana hilo la dume angalau ni biashara ya watu, tunaelewa. Hili la pili tunajidanganya wenyewe: "nimenunua ndama wa yule ng'ombe wa lita 20".

Tuchukue mfano. Kijijini ng'ombe wenzake wa uzao uleule, waliozaa msimu uleule, wanatoa wastani wa lita 10. Huyu anatoa 20. Amezidi kwa 10, safi. Lakini katika zile 10 ngapi ni za damu? Kiwango cha kurithika kwa maziwa, kwenye mashamba yanayotunza kumbukumbu vizuri, ni kama 0.3, huku kwetu mara nyingi ni chini ya hapo kwa sababu kelele, yaani mambo yasiyo ya damu, ni nyingi. Chukua 0.3. Kwa hiyo makadirio yetu bora ni kwamba damu yake inazidi kwa lita 3 tu. Zile 7 nyingine ni pumba, mashudu, mwenye ng'ombe kuamka saa kumi, kuzaa wakati wa mvua, kutopata ndigana utotoni, na bahati. Na lita 7 hizo HAZIPANDI kwenye gari pamoja na ndama, zinabaki kwenye banda la yule mzee aliyekuuzia. Haya, zile 3 za damu, mama anampa mtoto nusu. Lita 1.5. Ndo umenunua. Matarajio ya yule ndama kabla hujaangalia baba ni lita 11.5, na umemlipia bei ya 20.

Na bado hata hiyo moja na nusu ni wastani! Mama anagawa nusu ya jeni zake kwa kuchanganya karata kila anapozaa. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja wanatofautiana sana, nusu ya tofauti zote za kijenetiki kwenye kundi iko ndani ya familia, siyo kati ya familia na familia. Watu hawataki kulisikia hili. Wana dada zao wenyewe nyumbani mmoja mrefu mmoja mfupi, lakini ng'ombe wanataka wafanane kama matofali.

Ndo maana tathmini ya kijenetiki ikawepo. Kazi yake ni moja tu, kutenganisha lita za damu na lita za pumba. Mmarekani Henderson, wa chuo cha Cornell, ndiye aliyetuachia mahesabu ya BLUP ambayo mpaka leo ndo injini ya kila kitu: unachukua rekodi zote, mashamba yote, ndugu wote, unazitatua kwa pamoja, athari ya shamba na msimu inatoka upande mmoja, thamani ya mnyama upande wa pili. Dume mabinti wake wakiwa wametawanyika mashamba mengi hawezi kubebwa na mfugaji mmoja hodari. Mabinti 10 kwa maziwa wanakupa uhakika wa kama asilimia 45. Mabinti 30, kama 71. Mabinti 100, kama 89. Kwa hiyo ile asilimia ya uhakika iliyoandikwa pembeni ya namba, ambayo kila mtu anairuka, ndo ya kusoma. Dume wa +1,800 uhakika wa chini na dume wa +1,400 uhakika wa 95, mi kwa mfugaji ambaye ana ng'ombe wawili na ada za shule juu, najua nitachukua yupi.

Jenomiki, yaani kusoma jeni zenyewe, ilikuja kuharakisha, Marekani wakaanza kuitumia rasmi 2009, nywele chache tu za ndama zinapelekwa maabara unapata makadirio kabla hajawa na binti hata mmoja. Nzuri sana. Ila inategemea kundi la rejea, yaani maelfu ya wanyama wenye jeni zilizopimwa NA rekodi za maziwa. Bila rekodi, kipimo cha jeni ni karatasi.

Hapo ndo tunarudi nyumbani. ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, walianza mradi wa ADGG wa kuboresha jeni za ng'ombe wa maziwa hapa Tanzania na Ethiopia 2016, vijana wanapita kwa wafugaji na simu wanaandika maziwa, wanapima kifua cha ng'ombe, wanachukua nywele. Naunga mkono kabisa, bila hiyo tungekuwa gizani moja kwa moja. Lakini niseme ukweli yapo yanayoninyima usingizi. Ili umlinganishe ng'ombe unahitaji wenzake wa banda moja na msimu mmoja, sasa mtu ana ng'ombe wawili, mmoja mkavu. Utamlinganisha na nani? Inabidi mjumuishe kijiji kizima au kata kama shamba moja, na mi na wewe tunajua kata moja ina mtu anayelisha pumba na mashudu na jirani yake analisha shina la mgomba. Hesabu inajitahidi kurekebisha. Inaweza kiasi gani? Kwa baadhi ya kata nina mashaka.

Na maziwa yenyewe. Ya asubuhi yanapelekwa kwenye ushirika, yanapimwa, yako kwenye kadi. Ya jioni yanaingia kwenye chai, yanauzwa kwa jirani, yananyweshwa ndama, ukiuliza unaambiwa "andika tano". Kila jioni tano! Jumatatu tano, Jumapili tano, kiangazi tano. Tena ng'ombe anayependwa ndo anapewa pumba ya ziada, kwa hiyo hata ndani ya banda moja mapenzi yanaingia kwenye data, na hakuna kompyuta inayojua kwamba ulimpendelea Malaika ukamnyima Baraka.

Mtu ataniuliza, si tutumie tu namba za Ulaya na Marekani, wao wana rekodi za uhakika? Kuna utafiti wa 2002 uliolinganisha thamani za madume ya Holstein kwa data ya Uingereza na data ya Kenya, madume yaleyale, na uhusiano wa kijenetiki ulitoka karibu 0.5. Ingekuwa moja ingekuwa ng'ombe yuleyule kwa nchi zote mbili. 0.5 maana yake dume wa kwanza kule anaweza kuwa wa kawaida sana hapa, na wa katikati kule akawa ndo wa kwako. Na hayo yalikuwa mashamba makubwa ya Kenya, siyo banda la mama Neema. Kwa banda la mama Neema sijaona namba ninayoiamini.

Hili la asilimia ya damu ya Holstein nalipitia haraka kwa sababu nikianza sitamaliza: "wangu ni 87.5" siyo thamani ya kijenetiki. Ni historia ya mababu. Chotara wa kwanza ana nguvu ya uchotara ambayo unaipoteza unapozidi kupandisha Holstein juu ya Holstein, na kwenye lishe duni nimeona nusu kwa nusu wanaowazidi hao wa 87.5 kwa kuzaa kila mwaka tu. Kuwa hai na kushika mimba nako ni uzalishaji.

Na kushika mimba ndo kuna somo la wenzetu. Wamarekani walichagua maziwa maziwa maziwa toka miaka ya 60, uzazi wa Holstein ukaporomoka mpaka wakaanza kutathmini uzazi wa mabinti 2003. Wanorwe waliweka uzazi na ugonjwa wa kiwele kwenye uchaguzi wao tangu miaka ya 1970 na ng'ombe wao wekundu wanashika mimba mpaka leo. Uzazi unarithika kidogo sana, chini ya 0.05, watu wakaona haina maana kuuchagua. Kumbe tofauti kati ya mabinti wa dume na dume ipo, unahitaji tu mabinti wengi kuiona. Kuna pia yule Chief, dume wa Nebraska aliyezaliwa 1962, damu yake inakadiriwa asilimia 14 ya jeni za Holstein wa Marekani. Alileta maziwa, na akaleta jeni moja mbovu inayoua vijusi, imegunduliwa miongo kadhaa baadaye. Sasa fikiria kijiji kinachotumia dume mmoja miaka sita na hakuna anayeandika.

Kwa hiyo nichague nini? Mi nikimchagulia mfugaji wa kawaida wa Meru au Rungwe naanza na uzazi wa mabinti na uimara wa kiwele, maziwa natafuta ya kutosha siyo ya juu kabisa, umbo kubwa nalikwepa maana ng'ombe wa kilo 650 anakula kabla hajakamuliwa, kwa mtamba naangalia urahisi wa kuzaa kwanza kuliko kitu chochote. Jersey sioni kwa nini watu wanamwonea aibu. Mbegu za jike sawa, kama tisini kwa mia utapata jike, ila zinashika kidogo kuliko za kawaida, mpe mtamba mwenye joto zuri, usimpe yule aliyerudi mara tatu. Madume wawili watatu tofauti, siyo mmoja. Madume ya kituo cha uhimilishaji cha Usa River yasidharauliwe kwa kuwa hayana namba ya kutisha, angalau ukiuliza mabinti wako wapi unaweza kupanda bodaboda ukawaone.

Na ule mrija wa mbegu jamani, mhimilishaji akimaliza usimwache autupe. Una namba ya dume, HO ni Holstein, JE ni Jersey, ubandike kwa selotepu kwenye daftari, andika tarehe na jina la ng'ombe. Maziwa ya jioni yapime kweli, hata mara moja kwa mwezi, kwa jagi lenye mistari. Siyo "andika tano".