Je, wajua jinsi maji ya moto yanavyoupisha umeme wa upepo nchini Denmark?

Usiku wa dhoruba mwezi Januari, mitambo ya upepo ya Denmark huweza kuzalisha umeme kupita mahitaji ya nchi nzima, na saa hizohizo baridi huwafanya watu wahitaji joto zaidi majumbani. Takriban thuluthi mbili za kaya za huko hupashwa joto kwa maji ya moto yanayopita katika mabomba yaliyofukiwa ardhini, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya maji hayo imetoka kwenye mitambo inayozalisha umeme na joto kwa pamoja.

Mitambo hiyo husifiwa kwa haki, kwa sababu mvuke ukishazungusha turbini, yaani gurudumu linaloendesha jenereta, joto linalobaki, ambalo kwingineko humwagwa baharini au hewani, hupelekwa mjini. Ila katika mingi kati yake joto na umeme hutoka kwa uwiano usiobadilika: anayetaka joto hana budi kuzalisha na umeme, hata kama upepo umekwisha kuijaza gridi. Hapo bei sokoni huweza kushuka chini ya sifuri, yaani mzalishaji akalipa ili umeme wake uchukuliwe.

Dawa ya kwanza haina makuu: ni tanki kubwa la chuma kando ya mtambo, linalofanya kazi ya chupa ya chai. Upepo ukitulia na bei ikipanda, mtambo huwashwa, umeme ukauzwa na joto la ziada likajazwa tangini; upepo ukirudi, mtambo huzimwa na mji ukaendelea kupashwa na akiba hiyo. Ndani ya tanki maji ya moto hukaa juu na yaliyopoa chini, kwa kuwa ya moto ni mepesi zaidi. Mita moja ya ujazo ya maji, ikiongezwa joto kwa nyuzi 40, hubeba nishati ya karibu uniti 46, tena kwa gharama ndogo mno kuliko betri.

Mitambo mingine huruhusu mvuke uikwepe turbini na kwenda moja kwa moja kupasha maji. Boila za umeme nazo huwashwa umeme unapofurika. Zina ubadhirifu, kwani uniti moja hutoa joto la uniti moja tu, lakini ni rahisi kujenga na huitikia upesi. Pampu za joto, ambazo hutumia umeme kuhamisha joto lililopo tayari hewani au majini, hutoa takriban mara tatu ya hapo. Mjini Esbjerg, ambako mtambo wa makaa ya mawe ulifungwa mwaka 2024, pampu za aina hiyo zenye uwezo wa megawati 70 huchota joto kutoka maji ya bahari.