Mkaazi anayerejea ni nani, na kwa nini ushahidi wake haufanani na wa viza ya matembezi

Mkaazi anayerejea ni mtu aliyewahi kupewa haki ya kuishi bila kikomo katika nchi ya kigeni, akaondoka, akakaa nje kupita muda ambao sheria ya nchi hiyo inauvumilia, na sasa anaomba arudi kwa haki ile ile. Si mgeni anayebisha hodi kwa mara ya kwanza, wala si raia anayerudi kwao. Ofisa anayepokea ombi lake hana haja ya kuuliza kama anastahili ukaazi, maana alishapewa. Anachotaka kujua ni hiki: uliuacha, au ulichelewa tu?

Kwa Mtanzania swali hilo ni zito kuliko kwa majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa. Katiba ya Kenya ya 2010 inamruhusu mtu wa Kisumu kushika pasipoti ya Uingereza na ya kwao kwa pamoja, na Uganda nayo inaruhusu uraia wa nchi mbili. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kufanya hivyo. Ndiyo maana utamkuta mtu wa Nyegezi au Bukoba ameishi Birmingham miaka 20, amelipa kodi na kusomesha watoto huko, lakini kwa makusudi hakuomba uraia asije akapoteza wa kwao, na pamoja nao haki ya kumiliki ardhi kama raia. Amebaki na ukaazi wa kudumu. Siku za kawaida tofauti haionekani. Inaonekana anaporudi Mwanza kumuuguza mama, mwaka wa kwanza ukapita, na wa pili nao ukapita.

Kadi na haki

Kosa linalowaponza wengi ni kusoma tarehe iliyochapishwa kwenye kadi na kudhani ndiyo mwisho wa haki. Grini kadi, yaani kadi ya mkaazi wa kudumu wa Marekani, kwa kawaida huchapishwa kwa miaka 10. Lakini ukikaa nje ya Marekani mwaka mmoja au zaidi bila kibali cha kuingia tena ulichokiomba kabla ya kuondoka, kadi hiyo peke yake haikubaliki kuwa hati ya kuingilia, hata kama imebakiza miaka 7. Kanada mambo ni kinyume: kadi yao ya miaka 5 ikiisha ukiwa huku, ukaazi haujafa kwa sababu hiyo. Utaulizwa kama umetimiza siku 730 ndani ya Kanada katika miaka 5 iliyopita, na ukiwa nje utaomba hati maalumu ya safari ya mkaazi wa kudumu ili upande ndege.

Uingereza ndiyo inayowashtua watu zaidi, kwa sababu haki inakufa kimyakimya. Ukaazi usio na kikomo hukoma wenyewe mara unapokaa nje zaidi ya miaka 2 mfululizo. Hakuna barua, hakuna simu. Waliopata hadhi ya makazi kupitia mpango wa raia wa Umoja wa Ulaya na familia zao wana nafasi kubwa zaidi, miaka 5. Ujerumani ni kali kuliko wote niliowataja: kibali cha kudumu cha kawaida, kwa kanuni, hukoma baada ya miezi 6 nje ya nchi, isipokuwa uliruhusiwa muda mrefu zaidi au unaingia katika misamaha michache iliyomo kwenye sheria yao.

Siku zinahesabiwa tangu ulipotoka katika nchi hiyo. Watu wa kanda ya ziwa wanaosafiri kupitia Sirari hadi Nairobi, au Mutukula hadi Entebbe, huwa na mihuri mingi ya mipakani, na wengine hudhani kukaa miezi kadhaa Kenya au Uganda kunakata hesabu. Hakukati. Kinachosimamisha saa ni kuingia tena katika nchi iliyokupa ukaazi. Hata huko, kuingia wiki mbili na kutoka ili tu kuizima saa ni jambo la hatari: ofisa wa mpakani Uingereza ana haki ya kukuuliza kama kweli unarudi kuishi, na wa Marekani anaweza kuona umeuacha ukaazi hata kama hujawahi kumaliza mwaka mzima nje.

Ushahidi unaoelekea upande wa pili

Hapa ndipo maombi mengi yenye haki yanapokwama, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Aliyewahi kuomba viza ya matembezi anajua jinsi mkoba unavyojazwa: hati ya kiwanja cha Buswelu, leseni ya duka la Makoroboi, namba ya mlipakodi, barua ya mwajiri, taarifa ya benki, barua ya serikali ya mtaa. Kila karatasi inasema jambo moja: nina mizizi hapa, nikienda nitarudi.

Mkaazi anayerejea akipeleka mkoba huo huo, amejifungia mlango mwenyewe. Hati mpya ya kiwanja, leseni ya biashara iliyohuishwa miaka mitatu mfululizo na barua ya mwenyekiti wa mtaa kwamba "ni mkazi wetu wa kudumu" vyote vinamwambia ofisa kwamba maisha yalishahamia Mwanza. Barua ile ya mwenyekiti ambayo ndugu hukimbilia kuitafuta kwa nia njema ndiyo yenye madhara makubwa zaidi, kwa sababu inatamka neno la kudumu mahali ambapo hoja yako yote ni kwamba kukaa kwako huku kulikuwa kwa muda.

Sisemi ufiche kitu. Fomu ikiuliza kazi uliyofanya au mali uliyo nayo, jibu kweli. Uongo ukigundulika unaharibu ombi hili na yatakayofuata. Ninachosema ni kwamba uzito wa mkoba uwe kule. Kwa Uingereza: mwenzi, watoto au ndugu wa karibu wanaoishi huko na hadhi zao, nyumba au mkataba wa pango, akaunti ya benki ambayo haijalala, rekodi ya michango ya bima ya taifa na pensheni, barua ya kazi inayokusubiri, au mpango wa kujikimu unaoeleweka. Ofisa atapima pia uliishi huko miaka mingapi kabla ya kuondoka, umekaa nje muda gani, uliondoka kwa nini na unarudi kwa nini. Aliyeishi Leeds miaka 18 akatoka miaka 3 yuko mahali pazuri kuliko aliyeishi miaka 6 akatoka miaka 9.

Kwa Marekani kuna jambo moja la kodi linalosahaulika: mwenye grini kadi anatakiwa kuendelea kuwasilisha ritani ya kodi kama mkaazi hata akiwa Mwanza. Akiwasilisha fomu ya asiye mkaazi ili apunguziwe, amesaini ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Sababu lazima ijaze muda wote

Viza ya Marekani ya mkaazi anayerejea huanza na fomu DS-117, na ina masharti matatu: ulikuwa mkaazi halali siku unaondoka, uliondoka ukiwa na nia ya kurudi na nia hiyo haikukatika, na kuchelewa kwako kulisababishwa na mambo yaliyokuwa nje ya uwezo wako. Sharti la tatu ndilo linaloangusha. "Baba alikuwa mgonjwa" ni sababu, lakini ofisa ataweka sababu yako juu ya kalenda. Baba akifariki mwaka 2022 na wewe unaomba 2025, miaka ile mitatu ya baadaye inahitaji maelezo yake yenyewe.

Kwa hiyo andika mfuatano wa matukio, mwezi kwa mwezi panapowezekana, na kila tukio liwe na karatasi yake. Barua ya hospitali, iwe Bugando au Sekou Toure, itaje jina la mgonjwa, tarehe za kulazwa na kuruhusiwa, na hali iliyohitaji mtu wa kumhudumia. Barua isemayo tu kwamba "alikuwa akitibiwa hapa" haina nguvu. Ambatisha cheti chako cha kuzaliwa, la sivyo hakuna kinachoonyesha kwamba mgonjwa yule ni mzazi wako. Kwa kifo, kinachohitajika ni cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Familia nyingi huishia kwenye kibali cha mazishi na tangazo la kifo la hospitali, na karatasi hizo hazichukui nafasi ya cheti. Mirathi ikiwa ndiyo iliyokuchelewesha, toa hati ya kuteuliwa msimamizi na mwenendo wa shauri wenye tarehe za kuahirishwa, kwa sababu kuahirishwa huko ndiko kunakoeleza ulikuwa unasubiri nini.

Nyaraka za mahakama ya mwanzo huwa kwa Kiswahili, na ubalozi hautazisoma. Tafsiri iwe na tamko kwamba ni sahihi, tarehe, jina kamili la mfasiri, sahihi yake na mawasiliano yake. Marekani hutaka pia aseme kwamba anazimudu lugha zote mbili. Tafsiri isiyo na tamko hilo hukataliwa hata ikiwa nzuri. Majina nayo yakaguliwe mapema. Cheti cha kuzaliwa kikisema Mwanajuma na pasipoti Mwajuma, au jina la babu likiwa limerukwa kwenye kitambulisho cha NIDA, tengeneza hati ya kiapo mbele ya wakili kabla ya kujaza chochote mtandaoni.

Mpangilio wa hatua

Pasipoti kwanza. Ombi linafungwa kwenye namba ya pasipoti, na kuibadili katikati kunazalisha usumbufu usio wa lazima. Pasipoti ya kielektroniki ya Tanzania hudumu miaka 10 na ada yake ni shilingi 150,000. Maombi huanzia mtandaoni, kisha unafika ofisi ya Uhamiaji ya mkoa. Za zamani, hasa ile yenye muhuri wa ukaazi wa Uingereza, usiitupe wala kuiacha mikononi mwa mtu. Hata ikiwa imekwisha muda, muhuri ule ni ushahidi wa haki yako na mihuri ya kuingia na kutoka ndiyo inayothibitisha hesabu yako ya siku. Ikipotea, chukua ripoti ya upotevu polisi siku hiyo hiyo.

Ombi la Uingereza hujazwa mtandaoni ukiwa popote, lakini alama za vidole na picha hutolewa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mwanza kwa barabara. Panga safari moja itakayobeba na kipimo cha kifua kikuu. Tanzania imo katika orodha ya nchi ambazo waombaji wake hupimwa, na msamaha wa wakaazi wanaorejea unawahusu tu ambao hawajazidisha miaka 2 nje. Kipimo hufanywa katika kliniki iliyoidhinishwa na serikali ya Uingereza. Picha ya kifua uliyopiga hospitali nyingine haipokelewi hata iwe safi. Cheti hudumu miezi 6, basi usikichukue mapema mno. Aliyewahi kuugua kifua kikuu akapona abebe rekodi za matibabu yake, kwa sababu kovu kwenye pafu linaweza kumfanya atakiwe kutoa makohozi yaoteshwe, na majibu ya kuotesha huchukua hadi miezi 2.

Kwa Marekani, soma matangazo ya ubalozi kabla ya kulipa senti. Utoaji wa viza za uhamiaji umekuwa ukibadilishwa kwa amri za rais, na ada ya DS-117 hairudishwi. Ombi likikubaliwa hapo, bado kuna fomu ya viza ya uhamiaji, uchunguzi wa afya na cheti cha polisi.

Mtoto aliyezaliwa Mwanza katika muda huo wa kukaa kwako huku harithi ukaazi wa mzazi. Kwa Uingereza anahitaji ombi lake mwenyewe. Marekani ina mlango mdogo: mtoto wa mama mwenye ukaazi, aliyezaliwa wakati wa safari ya muda, anaweza kuingia bila viza akiwa chini ya miaka 2 na akisindikizwa na mzazi anayerudi kwa mara ya kwanza tangu mtoto azaliwe, mradi ukaazi wa mzazi huyo uwe hai.

Wapo wanaoamua kujaribu bahati na kadi ya zamani. Mara nyingi safari huishia kaunta ya ndege, kwa sababu shirika linalobeba abiria asiye na hati halali hutozwa faini. Anayefika hadi Marekani anaweza kuwekewa mezani fomu I-407, ambayo ni tamko la kuuacha ukaazi kwa hiari. Hulazimiki kuisaini. Una haki ya kukataa na kuomba kusikilizwa na jaji wa uhamiaji, na hadi jaji aamue, ukaazi wako haujafutwa.

Ukinyimwa viza ya mkaazi anayerejea, hujafungiwa njia nyingine. Mwenye mwenzi au mtoto raia anaweza kuomba upya kwa njia ya familia kama mwombaji mpya, na wakati mwingine hiyo ndiyo njia fupi zaidi kwa aliyekaa Mwanza miaka 10. Ukipewa ya Uingereza, fungua akaunti ya viza ya kielektroniki na uiunganishe na pasipoti utakayosafiria kabla ya kukata tiketi. Shirika la ndege huangalia mfumo huo, na pasipoti isiyosomeka humo inaweza kukuacha Mwanza ukiwa na haki yako kamili.