Je, wajua kwa nini mchicha ukikatwa kichwa hutoa matawi?

Pita asubuhi kwenye bustani za bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, utaona mchicha ukikatwa kwa kisu, shina likiachwa ardhini. Baada ya siku chache, kwenye kwapa la kila jani lililobaki, jicho, yaani chipukizi lililokuwa limelala, limefumuka. Macho hayo yalikuwepo muda wote. Nani aliyazuia?

Ni kichwa chenyewe. Majani machanga ya kileleni hutengeneza homoni iitwayo auksini, nayo huteremka ndani ya shina kuelekea mizizini. Mwaka 1933 huko Marekani, wanasayansi Thimann na Skoog walikata vichwa vya miche ya jamii ya maharage, kisha wakaweka auksini kwenye kidonda. Macho yakaendelea kulala kana kwamba kichwa bado kipo.

Lakini auksini hiyo ya kileleni haiingii ndani ya jicho! Hapa ndipo pananivutia kuliko pengine pote. Amri yake hupitia kwa wengine. Ipo sitokinini, homoni inayotengenezwa mizizini na shinani, ambayo huamsha macho kwa kuchochea seli zigawanyike. Auksini hupunguza utengenezaji wake. Ipo pia strigolaktoni, inayoyalaza. Hiyo auksini huiongeza. Tena jicho, ili likue, hutakiwa kumimina auksini yake lenyewe shinani. Shina likiwa limejaa, jicho hukwama kama daladala inayotoka uchochoroni kutaka kuingia Barabara ya Morogoro saa kumi na moja jioni.

Kisu kikipita, yote hugeuka: auksini hupungua, sitokinini hupanda, strigolaktoni hushuka. Na kuna kinachowahi zaidi, sukari. Utafiti wa mwaka 2014 kwenye njegere ulionyesha kwamba macho huanza kuamka kabla habari ya kupungua kwa auksini haijayafikia, kwa sababu sukari iliyokuwa ikivutwa na kichwa imeshaelekea kwao.

Hiyo strigolaktoni ina kisa chake. Ilitambuliwa mwaka 1966 kwenye mizizi ya pamba, ikijulikana kwa jambo moja tu: kuamsha mbegu za kiduha, gugu linalonyonya mahindi na mtama. Mizizi huitoa ili kuita kuvu wanaoisaidia kupata fosforasi, na kiduha naye husikia wito huo. Kwamba inazuia matawi, ilijulikana mwaka 2008.

Udongo nao una sauti. Fosforasi ikikosekana, mmea huongeza strigolaktoni na matawi hupungua. Naitrojeni ikiwa ya kutosha, mizizi hupeleka sitokinini nyingi juu, kwa hiyo samadi ya kuku inayowekwa baada ya kukata inafanya kazi mpaka kwapani mwa majani. Kinachobaki ni mkono wa mkataji. Lazima aache macho mawili matatu juu ya udongo. Akikata chini ya jicho la mwisho, hakuna wa kuamshwa.