SP na foliki ya miligramu 5: soma kipimo kwanza

Kuanzia wiki ya 13 ya ujauzito, mama anayehudhuria kliniki kwenye maeneo yenye malaria hupewa vidonge 3 vya SP (sulfadoksini na pirimethamini), dawa ya kumkinga na malaria, akavimeza palepale mbele ya mhudumu. Dozi nyingine husubiri angalau mwezi. Kisichosemwa vya kutosha ni kwamba vidonge vya foliki alivyo navyo nyumbani vinaweza kuipunguzia SP nguvu.

Kimelea cha malaria hakiwezi kuzaliana bila folati, vitamini ambayo foliki ni aina yake ya vidonge, na hujitengenezea chenyewe kwa hatua kadhaa. Kila hatua ina kimeng'enya chake, yaani protini inayoshika malighafi na kuigeuza. SP ni dawa mbili zinazoziba hatua mbili. Sulfadoksini imefanana mno na malighafi ya awali, hivyo kimeng'enya hushika dawa na malighafi halisi hukosa nafasi. Pirimethamini hukaba kimeng'enya cha mbele zaidi, kinachoiweka folati katika hali ya kutumika. Kimelea hukwama.

Je, mama naye? Binadamu hatuna kabisa kile kimeng'enya cha kwanza, maana folati tunaipata kwenye mboga za majani na maharage. Cha pili tunacho, ila umbo lake ni tofauti kidogo, na pirimethamini haikishiki sawasawa.

Sasa mama akimeza foliki ya miligramu 5 kila siku, kimelea huokota folati iliyo tayari kwenye damu na kuiruka hatua iliyozibwa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasema kipimo hicho au zaidi kisitumiwe pamoja na SP. Miligramu 0.4 kwa siku haina shida.

Tusiichezee dawa hii. Tanzania iliifanya tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2001, lakini vimelea vikabadili maumbo ya vimeng'enya vyao na ikabidi tuhamie dawa mseto. Kwa wajawazito bado inasaidia.

Mama anayetumia septrini kwa sababu ya VVU hapewi SP: septrini nayo ina dawa ya jamii ya salfa, kama sulfadoksini, na hukaba hatua zilezile, na kuzichanganya huongeza madhara.

Soma pakiti ya foliki yako, kisha uipeleke kliniki. Usiache foliki kwa uamuzi wako, kwani uti wa mgongo wa mtoto unaihitaji. Na kama daktari alikuandikia miligramu 5 kwa sababu maalumu, mwambie mhudumu kabla hujameza SP.