Bata wa Bahi na mchanga wa Kondoa

Mvua za Dodoma zikishakolea, kati ya Januari na Februari, simu yangu huanza kuita. Wapigaji ni watu wa mjini wenye bunduki halali na Jumamosi isiyo na kazi. "Kaka, bata mwaka huu wako wapi?" Nimezunguka na darubini kwenye maji ya kanda hii ya kati miaka mingi, swali nalijua kabla mtu hajamaliza salamu. Jibu langu huwaudhi: bata wako maji yalipo, na maji ya Bahi hayaanzii Bahi. Yanatoka Kondoa.

Kwanza tumalize la sheria, maana ndilo linaloingiza watu matatani. Kibali cha kumiliki silaha si leseni ya kuwinda. Hivi ni vitu viwili, na sheria zake ni mbili. Uwindaji uko chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na leseni hutaja unawinda nini, wangapi na wapi. Kufyatua ukiwa ndani ya gari, kumulika ndege usiku, kumwaga sumu, vyote hivyo ni makosa. Hao bata hawakufugwa na mtu, lakini si mali ya atakayewahi.

Sasa tuje kwenye mbuga. Mtoto wa shule akisikia neno hilo anawaza Serengeti na simba. Mkulima wa Bahi akisema mbuga anamaanisha bonde la udongo mweusi, ule unaopasuka kiangazi mpaka kwato za ng'ombe zinanasa kwenye nyufa, na ukilowa unanata kama ugali mbichi. Wataalamu wa udongo wamelichukua neno hilohilo kwa maana hiyohiyo, na mimi nasimama upande wa mkulima. Mbuga ya Bahi iko kilomita 60 hivi magharibi ya Dodoma mjini, karibu na reli ya kati. Haina mlango wa kutokea. Mto Bubu unaingia ukitokea Kondoa, na hakuna mto unaotoka. Dodoma hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, wakati jua la huku linaweza kukausha zaidi ya milimita 2,000 za maji yaliyo wazi. Kwa hiyo maji huja, hutanda mbali, kina chake mahali pengi hakifiki magotini, kisha huondoka kwa kupaa angani. Mwaka wa ukame mkali unakuta vumbi tu.

Mtu wa mjini huona huko kukauka ni kasoro. Kwa bata ndiko kunakompatia chakula. Ardhi iliyo wazi inaota nyasi, nyasi zinaangusha mbegu, ng'ombe wanalisha na kuacha samadi. Mafuriko yakirudi, mbegu zinalowa, wadudu na konokono wanafumka ndani ya wiki chache, na bata anajikuta mezani. Bata wengi wa huku hawapigi mbizi. Wanachovya kichwa na kuinua mkia. Maji ya kina kirefu hayawafai kitu zaidi ya kulala salama. Ndiyo sababu Bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, katikati yake nahesabu wachache, halafu kule kwenye mkia wa bwawa, palipojaa tope, nahesabu hadi mkono unachoka. Na usicheke, kuna asubuhi nzuri nimezipata kwenye mabwawa ya majitaka ya Swaswa. Harufu unaizoea.

Bata utakaowaona zaidi ni wale wa uso mweupe, wanaosimama wima kama askari wa gwaride na kupiga mluzi wa sauti tatu wakiruka usiku. Wako wadogo wenye mdomo mwekundu. Yupo dume mkubwa mwenye nundu juu ya mdomo. Kuanzia Oktoba huongezeka wageni wadogo kutoka Ulaya na Asia, ambao hukaa hadi karibu na Aprili.

Jambo ambalo wawindaji wengi hawalijui ni kunyonyoka. Kuku hubadilisha manyoya kidogokidogo. Bata huangusha manyoya yote ya kurukia kwa mpigo mmoja, kwa kawaida baada ya kuzaliana, na kwa wiki tatu hadi nne hawezi kuruka kabisa. Anajificha kwenye matete na kutegemea miguu. Kipindi hicho mtoto mwenye fimbo na mbwa anaweza kukamata bata wengi kuliko mtu mzima mwenye bunduki ya bei mbaya. Nikiulizwa lini bata wa huku wanahitaji kuachwa kuliko wakati wowote, najibu ni hapo, na jibu hilo huwafurahisha wenye bunduki kwa sababu linamwangukia mtu mwingine. Basi tugeukie la kwao.

Siku moja pale Bahi nilimkuta mama ananyonyoa bata wa mdomo mwekundu chini ya mti. Kijana wake alimwokota ukingoni, mabawa yamelegea, hakimbii. Nikamwomba firigisi. Bata hana meno. Firigisi ndiyo kinu chake, na changarawe anazomeza ndizo mchi. Niliipasua kwa kisu kidogo, nikaisuuza kiganjani. Zilikuwemo mbegu za nyasi, vijiwe vyeupe, na chembe tatu nyeusi zilizosagika upande mmoja zikawa bapa. Nilikwaruza moja kwa ukucha, ikang'aa. Marisau ya risasi, yaani zile chembe za ndani ya katriji, zilizotengenezwa kwa madini ya risasi.

Hakuna aliyempiga yule bata. Alizimeza mwenyewe, akidhani ni changarawe. Katriji moja huwa na chembe zaidi ya 200, na hata mlengaji mzuri nyingi humpita ndege zikaishia kwenye tope. Mbuga ikikauka zinabaki palepale. Mwaka unaofuata bata wanachovya palepale. Ndani ya firigisi risasi inasagwa, tindikali inaiyeyusha, sumu inaingia kwenye damu. Ndege anakonda, kinyesi kinakuwa cha kijani, mabawa yanaanguka, anajikokota kwenye nyasi na kufia humo usimwone. Nilimwambia yule mama atupe nyama yote, hasa ini na firigisi. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. Firigisi, kwetu, ni ya baba.

Marekani ilipiga marufuku marisau ya risasi kwa uwindaji wa bata nchi nzima mwaka 1991. Umoja wa Ulaya ulifuata kwenye ardhioevu mwezi Februari 2023. Mkataba wa kulinda ndege wa maji wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia, ambao Tanzania ni mwanachama, unataka vivyo hivyo. Marisau ya chuma yapo duniani. Yanahitaji umpige ndege akiwa karibu zaidi, basi.

Mimi siko kundi la wanaotaka bunduki zote zinyang'anywe. Mwaka 1934, Marekani ikiwa kwenye ukame na dhoruba za vumbi ambazo Mgogo yeyote angezielewa, wawindaji walianza kulazimika kununua stempu ya bata kila msimu, dola moja. Ya kwanza ilichorwa na mchora katuni wa magazeti, Jay Norwood Darling. Leo ni dola 25, na senti 98 za kila dola huenda kwenye kununua au kukodi makazi ya ndege hao. Zimehifadhiwa zaidi ya ekari milioni sita. Siwezi kuuhamishia mpango huo Bahi, ambako wawindaji wenye leseni ni wachache na mbuga ina wenyewe: wavuvi wa kambale, wenye majaruba ya mpunga, wafugaji. Ninachokipenda ni kwamba fedha ilifungwa kamba kwenye maji, haikupotelea kwenye mfuko mkuu.

Na huku kwetu kamba hiyo ingebidi ifike Kondoa. Milima ya Irangi ilichakaa kwa mmomonyoko hadi serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 ng'ombe wakaondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Nyasi na miti vilirudi. Waliolipa ni wenye ng'ombe, na wazee wa kule bado wanakumbuka maziwa ya ng'ombe wao. Mchanga unaoteremka kwenye makorongo hushukia mtoni, na mto ukijaa mchanga maji hayajui tena njia yake. Kisha liko Bwawa la Farkwa, wilayani Chemba, linalokusudiwa kuukinga Bubu huohuo ili jiji lipate maji. Nakaa jijini, bomba langu nalo hukauka, kwa hiyo sitasimama kulipinga. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaweka maji ya mazingira, yale yanayoachwa kwa ajili ya uhai wa mito na mbuga, mara tu baada ya maji ya nyumbani, na Bahi haihitaji matone ya mwaka mzima. Inahitaji furiko moja la kweli, kwa wakati wake. Bwawa linaweza kuachia furiko kama hilo likiwa limesanifiwa hivyo tangu mwanzo. Ukishamwaga zege umechelewa.

Mmoja wa wale wapigaji simu alikubali kuja kuhesabu nami, bunduki akaiacha nyumbani. Nilimfundisha: hesabu kumi, kariri ukubwa wa kundi hilo kwa jicho, kisha lipange juu ya kundi zima, kumi, kumi, kumi. Yeye alipata 340, mimi 610. Aliwaacha wote waliolala kwenye nyasi. Tukarudia mpaka tukakaribiana. Bado anataka leseni. Nimempeleka ofisi ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, na nimemwambia akija na marisau ya risasi simwonyeshi njia.