Wakfu wa jamii ni nini hasa, na ulianzaje?

Watu wengi wakisikia wakfu wa jamii wanadhani ni NGO kama NGO nyingine, wengine wanachanganya na mifuko ya hifadhi kama NSSF, kumbe ni kitu tofauti kabisa. Hizi ni pesa za watu wengi, wanaolijali eneo moja, zinakusanywa na kuwekezwa, mtaji unabaki palepale na kinacholiwa ni faida, na faida hiyo inarudi kwenye eneo hilohilo mwaka hadi mwaka, iwe shule, maji, zahanati au basari za watoto. Mtu wa Lamu au Unguja ataelewa haraka maana shamba la minazi likishawekwa wakfu kwa msikiti nazi zinauzwa ila shamba haliuzwi. Tofauti ni kwamba wakfu ule unafuata nia ya aliyeutoa, huu wa jamii unakuwa na kamati ya watu wa hapo yenye ruhusa ya kubadilisha matumizi mambo yakibadilika.

Na hiyo ruhusa ndo sababu ulianzishwa. Huko Marekani matajiri walikuwa wanakufa na kuacha wosia mgumu, pesa zifanye kitu kimoja tu. Meya wa zamani wa St. Louis, Bryan Mullanphy, aliyefariki 1851, aliacha theluthi ya mali yake isaidie wahamiaji maskini wanaopita mjini hapo kwenda kuishi magharibi, reli zikaja, wasafiri wa aina hiyo wakapungua sana, na pesa zipo tu zimefungwa na maneno ya marehemu. Mwaka 1914 mwanasheria aliyegeuka kuwa mkuu wa benki, Frederick Goff wa Cleveland, Ohio, akaja na dawa: benki itunze mtaji, kamati ya wakazi iamue matumizi, na baadhi ya wanakamati wateuliwe na meya na majaji ili benki isijiamulie peke yake. Mi naona hapo aliona mbali sana.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba watu wa wakfu huo wa Goff, Cleveland Foundation, hawakukimbilia kugawa hela, miaka ya mwanzo walifanya utafiti kwanza, wakachunguza shule za mji, baadaye 1922 wakatoa ripoti kubwa kuhusu polisi na mahakama, yaani walitaka kujua mji unaumwa wapi. Chicago na Boston wakafuata 1915 kwa kuanzisha wakfu wao, na leo Cleveland Foundation inahudumia kaunti tatu ikiwa na mali ya zaidi ya dola bilioni 2.

Kwetu Afrika Mashariki mfano mzuri ni wakfu wa jamii wa Kenya, KCDF (Kenya Community Development Foundation), ulioanza 1997 ukisaidiwa na wafadhili Ford Foundation na Aga Khan Foundation. Hawa hawakungoja tajiri afe aache wosia, waliambia vikundi vya vijijini vichange kwanza kisha wao waongezee, na kikundi kinaweza kuwa na mfuko wake wa kudumu ndani ya KCDF. Hii ndo sehemu ngumu kuliko zote kwa sababu wafadhili wa nje wanapenda mradi wa miaka mitatu wenye ripoti na picha, wachache wanakubali kutoa hela ikae tu izae. KCDF sehemu ya mtaji waliuweka kwenye jengo la ofisi Ngong Road, Nairobi, na kodi ya wapangaji inaendelea kuingia hata mfadhili akiondoka.